Muulize Mzee wa Sarafu: Sabini ya Mdomo

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: sarafu mpya, nzuri, haina cheti, nitajuaje daraja lake? Kwa wanaotusoma mara ya kwanza: nilitengeneza saa Kariakoo kwa miaka 34, na kile kioo cha jicho nilichotazamia magurudumu ya saa ndicho ninachotazamia sarafu hadi leo. Mkono umeanza kutetemeka, jicho bado.

*Mzee wa Sarafu, shikamoo. Kuna jamaa pale Posta anauza sarafu za fedha za Marekani, Silver Eagle, zile za aunsi moja. Ziko kwenye vifuko vya plastiki, na kila kifuko kimebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu "MS70". Bei yake ni mara mbili ya fedha iliyomo. Anasema sabini ndiyo mwisho wa ubora na haipatikani ovyo. Cheti hana. Mimi nimeziona kwa macho yangu, zinang'aa sana. Ninunue?*
*Msomaji, Tabata*

Marahaba mwanangu. "Zinang'aa sana" ni neno la mtu ambaye tayari ameshatoa pochi. Kila sarafu iliyotoka kiwandani juzi inang'aa, hata jero.

Tuanze na hiyo sabini, maana wengi wanaitaja bila kujua ilikotoka. Mmarekani mmoja, William Sheldon, mwaka 1949 alipanga daraja za senti kubwa za shaba za zamani za kwao, kuanzia 1 mpaka 70. Wazo lake lilikuwa la bei: senti ya daraja la 70 iwe na thamani mara sabini ya senti iliyosagika ikapewa 1. Hesabu ile ya bei ilikufa zamani, namba zikabaki. Leo kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika sokoni, ndiyo maana ya hizo herufi MS, Mint State, na chini ya hapo ni iliyopita mikononi. Kwa hiyo ugomvi wote wa sarafu mpya unafanyika ndani ya vyumba kumi na kimoja tu, 60 hadi 70, na kwa hizo Silver Eagle unafanyika hasa katika viwili vya mwisho.

Kampuni za kutoa daraja zilikuja baadaye: PCGS mwaka 1986, NGC mwaka 1987. Unawapelekea sarafu, watu wao wanaitazama zaidi ya mmoja, wanaifunga katika kasha la plastiki ngumu lisilofunguka bila kuvunjwa, na namba inaandikwa ndani. Hiyo ni sabini yenye mwenyewe, ukiwa na shaka kuna wa kumuuliza. Ya kikaratasi na kalamu ni sabini ya mdomo. Mimi pia nina kalamu nyumbani.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hakukwambia. Sarafu za siku hizi zinapigwa kwa mashine nzuri mno. Silver Eagle inatoka kiwandani ikiwa safi, inapangwa ishirini ishirini kwenye mrija wa plastiki, na mirija 25 inaingia sanduku moja la kijani, jumla sarafu 500. Ukizipeleka kwenye kampuni, nyingi zitarudi na 69 au 70. Yaani 69 ni kama dagaa wa Feri, imejaa. Na 70 yenyewe maana yake ni kwamba ukitazama kwa kioo kinachokuza mara 5 huoni dosari yoyote iliyoipata sarafu baada ya kupigwa. Mara 5 si kioo kikali. Fundi saa yeyote anacho kikali kuliko hicho. Lakini kati ya 69 na 70 panaweza kuwa na nukta moja kama ncha ya sindano, na nakiri kwamba kuna siku mimi mwenyewe nimezipanga mbili mezani nikashindwa kusema ipi ni ipi mpaka nilipogeuza vibandiko.

Halafu jiulize: kama huyu bwana anaamini ni sabini, kwa nini hakuzipeleka zikapata cheti? Wafanyabiashara wakubwa huko nje hununua sanduku zima, huketi na taa, huchagua zile wanazodhani zitapata 70, huzituma. Zilizobaki ndizo zinazouzwa bila cheti. Sisemi kila sarafu isiyo na cheti ni makombo. Nasema kabla haijafika Posta huenda imeshapita chini ya jicho la mtu mwenye njaa kuliko wewe, na yeye ameiacha.

Kama bado unaitaka, nenda nayo pole pole. Kwanza usihangaike na daraja. Hakikisha ni fedha, kwa kuwa daraja la sarafu bandia halina faida hata likiwa mia. Sumaku: fedha hainasi. Ikinasa, rudisha, aga, ondoka. Isiponasa bado hujamaliza, maana shaba nayo hainasi. Mpelekee sonara mwenye mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pale Mtaa wa Indira Gandhi wapo, na ukiomba kwa adabu watakupimia bila hata kukutoza. Inatakiwa isome gramu 31.10, au ipite kidogo tu. Upana ni milimita 40.6. Bandia nyingi zinaanguka hapo hapo: ikiwa upana ni sawa basi uzito umepungua, na uzito ukiwa sawa basi sarafu imenenepa.

Ipo iliyopita majaribio hayo yote mawili ikanipa wasiwasi, nikaitia majini. Ni kazi ya dakika tano. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, sukuma mizani isome sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala ukuta. Mizani itaonyesha ujazo wake. Fedha safi ina uzito wa gramu 10.49 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo sarafu ya gramu 31.10 itasoma karibu 2.96. Ukiona inakaribia 3.5 hiyo ni shaba iliyochanganywa na nikeli na kupakwa fedha juu. Usiifute ukishaitoa. Iweke juu ya kitambaa laini, ikandamize taratibu kama unayekausha jani la chai, wala usisugue. Kwa sarafu za prufu, zile zenye uso wa kioo, jaribio la maji silifanyi kabisa.

Sasa daraja. Unahitaji taa moja tu, ya balbu ya zamani inayotoa mwanga wa njano ukiipata, na chumba kiwe na giza kiasi. Hizi taa ndefu za dukani zinamwaga mwanga kila upande na zinaficha mikwaruzo. Ndiyo sababu wauzaji wanazipenda. Shika sarafu kwa ubavu, kidole gumba na cha shahada, chini yake pawe na taulo lililokunjwa. Na funga mdomo. Sikutukani, naongea kwa uzoefu: tone la mate la mtu anayesimulia mechi ya Simba na Yanga linatua juu ya fedha, halionekani leo, baada ya miezi ni doa jeusi ambalo halitoki.

Inamishe sarafu huku na huku chini ya taa. Ikiwa haijaguswa, utaona mng'aro unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli inayokwenda. Hizo spoku zisikatike. Mahali zinapokatika, kitu kimegusa. Pakiwa na kiza kijivu juu ya sehemu iliyoinuka, paja la yule mwanamke wa Silver Eagle anayetembea kuelekea jua, au kifua chake, hapo pamesuguliwa na sarafu haifiki hata 60, ingawa kwa mbali ni malaika. Mng'aro ukiwepo lakini ndani yake ukaona mistari mingi myembamba kama nywele, yote imeelekea upande mmoja, mtu amepitisha kitambaa. Hicho ndicho kilema kinachoua soko la sarafu mpya, na picha ya simu haikionyeshi. Kama unanunua kupitia simu, usikubali picha. Omba video, sarafu ikizungushwa chini ya taa moja.

Baada ya hapo ndipo unachukua kioo. Anza uwanjani, pale patupu pasipo na mchoro, kwa kuwa alama moja uwanjani inaumiza kuliko tatu zilizojificha kwenye mikunjo ya gauni. Kisha ukingo, ambao ndio unaogongana na wenzake kwenye mrija. Kisha tazama kama mchoro umepigwa sawasawa au umefifia katikati. Kufifia kwa pigo ni kosa la kiwanda, si la muuzaji, ila bei haijali kosa ni la nani.

Mimi binafsi sitoi namba kwa sarafu mpya isiyo na cheti. Nina droo tatu. Ya kwanza ni ile ambayo nimeitafutia dosari kwa kioo cha mara 5, jioni na tena asubuhi, nisiione. Ya pili, dosari naipata kwa kioo tu. Ya tatu, dosari naiona nikinyoosha mkono. Na ninaandika droo yake kwenye karatasi kabla sijamwuliza muuzaji anaiitaje, kwa sababu nikishasikia "sabini" jicho langu linaanza kuwa na adabu.

Bei yako basi: fedha iliyomo, ukiongeza kidogo kile ambacho sarafu ya aina hiyo huuzwa nacho popote. Kwa namba ya kikaratasi usiongeze hata senti tano. Akikataa, mwambie akatafute cheti, utamngoja.

*Mzee wangu, shikamoo. Marehemu baba alituachia sarafu ya fedha ya mwaka 1974, upande mmoja Mwalimu, upande wa pili twiga, imeandikwa shilingi 25. Ilikuwa imefungwa kwenye leso ndani ya sanduku la mbao na sasa imekuwa nyeusi yenye rangi kama ya mafuta ya taa juu ya maji. Mwanangu anataka kuisafisha kwa dawa ya meno. Jirani anasema ni prufu, ya bei kubwa. Tufanyeje?*
*Mama, Upanga*

Marahaba mama, na poleni na msiba hata kama ni wa zamani. Mpokonye huyo kijana mswaki sasa hivi, barua hii umalize kuisoma baadaye.

Umemaliza? Haya. Dawa ya meno ina unga wa kusugua. Jino linaukubali, fedha haiukubali. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili kibandani, nilikuwa na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, imetulia, rangi ya moshi, mng'aro wote uko chini yake. Nikauchukia ule weusi. Nikaisugua kwa dawa ile ile niliyong'arishia vifuniko vya saa. Ikawa nyeupe kama sufuria ya harusi. Nikampelekea mzee mmoja wa Kisutu aliyekuwa akinunua, akaichukua, akaiinamisha mara moja tu, akanirudishia. "Umeichuna," akasema, akaendelea na kahawa yake. Ninayo mpaka leo. Kila nikitamani kusafisha sarafu naitoa naitazama.

Ule weusi ni fedha kukutana na salfa iliyo hewani, kwenye mbao na kwenye karatasi, na kwa joto na unyevu wa mji wetu kazi hiyo inakwenda haraka. Si uchafu, ni ngozi. Ikiwa imekaa sawasawa na chini yake ukiinamisha unaona mng'aro bado unatembea, sarafu ni nzima, na rangi kama za mafuta juu ya maji kuna watu wanazilipia zaidi. Ikiwa weusi umekuwa mzito, hauna mng'aro chini yake, umeanza kula, hapo daraja limeshuka na hakuna dawa itakayolirudisha.

Kuhusu jirani: sarafu hii ni ya ule mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori wa mwaka 1974, pamoja na ya shilingi 50 yenye kifaru na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Ya twiga ilitolewa kwa namna mbili. Moja ni ya kawaida, nusu yake ndiyo fedha, uzito wake unazidi kidogo gramu 25. Nyingine ni prufu, fedha sehemu 925 kwa elfu, gramu 28.28. Kwa hiyo hata ikiwa nyeusi tititi, mizani itamaliza ubishi wako na jirani yako asubuhi moja.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Prufu si daraja, ni namna ya kupiga. Kipande cha madini kinang'arishwa, chapa nayo inang'arishwa, kinapigwa zaidi ya mara moja, uwanja unatoka kama kioo cha kunyolea na mchoro unatoka na ukungu mweupe. Prufu iliyoshikwa kwa vidole, ikafutwa kwa kanga, ikaanguka sakafuni, bado ni prufu, prufu iliyoharibika. Na kwa kuwa uso wake ni kioo, unywele mmoja wa mkwaruzo ambao kwenye sarafu ya kawaida usingeuona, kwenye prufu unapiga kelele. Kwa hiyo ikipima gramu 28 furahi nusu. Nusu nyingine ngoja uitazame chini ya taa.

Iondoe kwenye leso. Iweke kwenye kifuko kigumu cha plastiki, kile kinacholia ukikikunja, wala si kile laini kama cha kitambulisho. Laini kina PVC na kwa joto hili kinatoa utelezi wa kijani juu ya sarafu. Na sanduku la mbao libaki la leso.

*Shikamoo mzee. Mimi naenda benki kila wiki kuchukua chenji ya biashara. Nikipata jero mpya mpya naweka pembeni, nina 140 sasa. Je, zitakuwa na thamani?*
*Machinga, Kariakoo*

Zinayo tayari, mwanangu: shilingi 70,000. Na ungeziingiza kwenye mzigo zingekuwa zimeshazaa.

Lakini sikuvunji moyo. Jero ya sarafu ilikuja mwaka 2014 kwa sababu noti ya 500 ilikuwa inachakaa haraka mikononi mwetu. Ni chuma kilichopakwa nikeli, Mzee Karume upande mmoja, nyati upande wa pili, na ukiigeuzageuza kuna kivuli kinachobadilika kuwa 500 au BOT. Chuma ni kigumu, zinasafiri kwenye mifuko zikigongana, kwa hiyo jero mpya kabisa tayari ina makovu. Zipange hizo 140 chini ya taa, tazama shavu la Karume na uwanja ulio mbele yake. Nina hakika hutapata zaidi ya kumi ambazo zingeingia droo yangu ya pili. Hizo kumi ziweke. Nyingine 130 zirudi kazini.

Vijana wa umri wako hawakuiona shilingi tano ya Mwalimu yenye pembe kumi, tuliyoiita dala, ambayo ndiyo iliyoyapa magari yetu jina la daladala. Tuliwatupia makondakta maelfu kwa maelfu. Hakuna aliyefikiria kuweka hata moja ambayo haijaguswa, na mimi nilikuwa fundi saa niliye na vifuko vya kutosha mezani! Sasa natafuta dala safi ya mwaka 1972 na kila ninayoletewa imesagika kisogo.

*Mzee, nilinunua sarafu tatu za fedha za Kanada, Maple Leaf, bila cheti, zikiwa safi kabisa. Baada ya mwaka zimetoka madoa meupe kama maziwa yaliyodondoka. Mume wangu anasema nimezimwagia kitu. Sikuzimwagia kitu.*
*Msomaji, Mbezi Beach*

Mume wako akuombe radhi. Hilo doa la maziwa ni ugonjwa unaojulikana wa sarafu hizo, unatoka kiwandani, unalala, kisha unajitokeza hata sarafu ikiwa imefungwa na haijaguswa na mtu. Kiwanda cha Kanada chenyewe kilianza mwaka 2018 kuzipaka kinga dhidi yake. Nakuuliza tu zako ni za mwaka gani? Nadhani ni za kabla ya hapo.

Usisugue. Thamani ya fedha haijapungua hata chembe, kilichoondoka ni ile nyongeza ya uzuri. Ndiyo maana kwa Maple Leaf za zamani zisizo na cheti silipi cha ziada kwa usafi: leo safi, kesho ndui.

*Nimeuziwa sarafu iliyo ndani ya kasha gumu lenye namba na nembo ya kampuni ya daraja. Rafiki yangu anasema makasha pia yanaghushiwa. Kweli?*
*Msomaji, Sinza*

Kweli. Ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, andika namba ya kasha. Isipotokea, umeuziwa plastiki. Ikitokea, bado linganisha: waghushi wananakili namba za kweli, kwa hiyo kampuni ikiwa imeweka picha, itazame picha na sarafu yako nukta kwa nukta, doa kwa doa. Halafu ichukulie kama haina cheti: sumaku, mizani, taa. Nimekutana na kasha moja la kughushi ambalo mwenye kulitengeneza alijitahidi mno kwenye nembo na akasahau kwamba sarafu ndani ilikuwa inanasa sumaku kupitia kwenye plastiki.

Na kwa wale watatu mlioniuliza kama mtume sarafu zenu nje zikapate cheti: kwa Silver Eagle moja ya mwaka wa kawaida, ada, posta na bima vitakula kila kitakachoongezeka. Kwa ile ya dhahabu yenye duma, ningefikiria.

*Ni kweli shilingi 20 ya Mzee Mwinyi yenye tembo na mtoto wake inanunuliwa mamilioni?*
*Wasomaji saba, kutoka Mbagala hadi Bunju*

La. Na anayekuomba "hela ya usajili" kwanza ili akununulie, mwambie aikate kwenye hayo mamilioni.

*Mzee, toleo lililopita nilikutumia picha ya Britannia yangu ya fedha, ile sarafu ya Uingereza. Ukajibu kwamba ina mkwaruzo mrefu uwanjani, upande wa kulia wa yule mama mwenye mkuki wa ncha tatu, ukaniambia ni droo ya tatu. Nikakata tamaa nikamwachia shemeji yangu kwa bei ya fedha tu, tena pungufu. Juzi shemeji kanionyesha: kaipuliza, mkwaruzo ukaruka. Ulikuwa unyuzi wa shuka. Sasa ananicheka mbele za watu.*
*Msomaji, Kinondoni*

Mwanangu, nimeitoa tena ile picha. Nimeitazama kwa kioo cha mara 5, kisha cha mara 10. Mkwaruzo ukikata chuma, kingo zake mbili zinameta tofauti, moja inapokea mwanga na nyingine inaupoteza, na ukiinamisha sarafu zinabadilishana. Unyuzi unatupa kivuli upande mmoja tu. Kwenye picha yako kivuli kipo, upande mmoja, peupe kabisa, kinanitazama. Nimeandika makala kumi nikiwaambia watu wasihukumu sarafu kwa picha, na mimi nikaihukumu kwa picha, usiku, nimechoka, bila kukuomba video.

Nimekosea na nimekutia hasara. Britannia sina, lakini nina Silver Eagle moja ya droo ya pili, niliyoipima mwenyewe. Pitia ofisi ya gazeti, nimekuachia kwenye bahasha. Dosari yake ni nukta ndogo juu ya ukingo, saa nane ukiishika kama saa ya ukutani. Ipulize kwanza.

Na shemeji mpe salamu. Kama ana nafasi Jumamosi aje tunywe kahawa, alete na kioo chake.